Punje na Chungu: Historia ya Upishi wa Mahindi na Faida Iliyopotea Njiani

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta humu habari za ushairi, za sarufi na za mila. Safari hii tumeona yafaa tuingie jikoni. Jiko nalo ni ghala ya historia, na maneno yanayotumika humo ni ushahidi ambao mwalimu wa lugha hana ruhusa ya kuupuuza. Swali tunalotaka kulijibu ni hili: yawezekanaje punje moja, ya mbegu moja, iliyovunwa kwa wakati wake na kuhifadhiwa vizuri, imjenge mtu mmoja na imdhoofishe mwingine hata afe, ilhali wote wawili wameshiba? Jibu limo katika namna ya kuipika na katika kile kinachoandamana nayo sahanini. Na katika nafaka zote tuzilazo, hakuna iliyowafundisha wanadamu jambo hili kwa gharama kubwa kama mahindi.

Majina yaliyopotosha

Neno lenyewe, mahindi, latuelekeza India, kana kwamba zao hili lilizaliwa huko. Waitaliano nao waliliita kwa jina lenye maana ya nafaka ya Kituruki. Majina yote mawili yamekosea njia. Mahindi asili yake ni kusini mwa Meksiko, ambako yapata miaka 9,000 iliyopita wakulima walianza kulitunza na kulichagulia mbegu nyasi la mwituni liitwalo teosinte, hata likawa mmea wenye magunzi tunaoujua leo. Christopher Columbus alipovuka bahari mwaka 1492, watu wa Marekani ya Kati walikuwa wameishi na zao hili kwa maelfu ya miaka.

Kutoka huko mahindi yalienea upesi. Wahispania waliyapeleka kwao, nayo yakafika Italia ya kaskazini katika karne ya 16. Wareno waliyaeneza kwenye pwani za Afrika, na katika karne ya 17 yalikuwa yakilimwa Pemba na Unguja. Misafara ya biashara iliyokuwa ikipanda bara ilisaidia kuyaeneza zaidi. Waganda waliyapa jina la kasooli. Wanyarwanda na Warundi waliyaita ibigori. Kila lugha ilitafuta neno la kuitia punje hiyo. Lakini hatuoni katika lugha zetu neno lolote lililosafiri pamoja na punje hiyo kutoka Meksiko kuja kutueleza ilivyopikwa huko kwao. Mbegu ilifika bila ya mpishi wake, na kasoro yote tutakayoieleza imeanzia hapo.

Majivu ndani ya jina

Wanawake wa Meksiko na Guatemala hawakuyapika mahindi makavu kwa maji matupu. Waliyatia chunguni pamoja na chokaa kidogo, yapata sehemu moja kwa mia ya uzito wa mahindi. Waliyachemsha, kisha wakayaacha humo humo usiku kucha. Asubuhi ganda la punje lilikuwa limelegea, na likatoka kwa kusuguliwa mikononi. Mahindi yalioshwa, yakasagwa juu ya jiwe yangali mabichi na yenye maji, na unga wake ukashikamana kama donge. Donge hilo ndilo walilolifanyia mikate myembamba iliyookwa juu ya kigae. Wanaakiolojia wamekuta katika nchi hizo dalili za kazi hii ambazo umri wake umepita miaka 3,000. Mahali pasipokuwa na chokaa watu walitumia majivu ya kuni, na mataifa mengi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini yalifanya vivyo hivyo.

Katika Kinahuatli, lugha ya Waazteki, mahindi yaliyopikwa kwa njia hii huitwa nextamalli. Neno hilo limeungwa kwa maneno mawili: nextli, yaani majivu, na tamalli, yaani mkate wa mahindi. Mwalimu wa lugha atalitambua mara moja jambo lililo hapa. Watu hawa waliyaweka majivu ndani ya jina la chakula chenyewe, hata mtoto aliyejifunza kuliita jina alikuwa amekwisha kujifunza nusu ya upishi.

Je, walijua faida yake? Kwa sababu walizoziona, walijua. Punje kavu ya mahindi ni ngumu, na kuisaga kwa jiwe la mkono ni kazi ya kuvunja mgongo, chokaa iliilainisha. Aidha, unga wa mahindi matupu haushikamani vizuri ukawa mkate, chokaa iliushikamanisha. Hizo ndizo faida zilizoonekana kwa macho na kusikika mkononi. Faida kubwa kuliko zote haikuonekana, nayo ilikuja imefichwa ndani ya hizo mbili.

Ndani ya punje ya mahindi mna vitamini iitwayo niasini, ambayo mwili hauwezi kuishi bila yake. Kiasi chake si kidogo sana kikipimwa katika maabara. Lakini katika punje iliyokomaa na kukauka, sehemu kubwa ya niasini hiyo imefungwa, imeshikamana na vitu vingine vya nafaka, na tumbo la mwanadamu halina nguvu za kuifungua. Mtu huila, ikapita, ikatoka. Maji ya chokaa au ya majivu hukikata kifungo hicho, na niasini ikawa huru kuingia mwilini. Mapishi hayo huongeza pia madini ya kalisi kwenye chakula, na hupunguza sumu za ukungu ziingiazo katika mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Ni kweli kwamba kuosha na kuchemsha huondoa sehemu ya vitamini nyingine, kwa kuwa hakuna upishi usiokuwa na hasara yake. Lakini kwa watu ambao mahindi ndiyo chakula chao cha kila siku, faida ilizidi hasara kwa mbali.

Vinu vya Ulaya na ugonjwa wa waridi

Habari za chokaa hazikufichwa. Francisco Hernández, tabibu wa mfalme wa Hispania aliyetumwa Meksiko katika miaka ya 1570, aliandika jinsi wenyeji walivyopika uji wa mahindi pamoja na chokaa. Lakini mkulima wa Hispania au wa Italia hakuwa na haja ya maandishi hayo. Yeye alikuwa na kinu kilichozungushwa kwa maji au kwa upepo, ambacho kilisaga punje kavu bila ya kulainishwa. Tena hakutaka mkate mwembamba. Alitaka uji mzito, na uji haudai unga unaoshikamana. Kwa hiyo sababu zote mbili zilizoonekana za kutumia chokaa hazikumhusu. Aliiacha chokaa, na pamoja nayo akaiacha ile faida isiyoonekana, asijue kwamba ameacha kitu.

Malipo yalikuja taratibu. Mwaka 1735 Gaspar Casal, tabibu wa Asturias katika Hispania, aliwaona wakulima maskini wenye ugonjwa ambao vitabu vyake havikuutaja. Ngozi yao ilibabuka na kuwa nyekundu mahali palipopigwa na jua, mikononi na shingoni, hata pakaonekana kama mkufu. Wenyeji waliuita ugonjwa wa waridi. Casal alitambua kwamba wagonjwa hao waliishi zaidi kwa mahindi na mara chache walionja nyama. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1762, naye amekwisha kufariki. Huko Italia ugonjwa huo huo uliwashika wakulima walioishi kwa uji wa mahindi, na mwaka 1771 Francesco Frapolli wa Milan aliuandika kwa jina waliloliita watu wenyewe: pelagra, yaani ngozi iliyoharibika kwa ukavu. Baada ya ngozi hufuata kuharisha, kisha akili huchafuka, na mwisho wake, usipotibiwa, ni kifo.

Kwa muda wa miaka mia na zaidi wataalamu walibishana. Wengine, kama Cesare Lombroso wa Italia, walishikilia kwamba sumu imo katika mahindi yaliyooza. Wengine walisema ni ugonjwa wa kuambukizana. Wote walikuwa wakiitazama punje; hawakulitazama jiko la Meksiko, ambako watu walikula punje hiyo hiyo kwa wingi zaidi bila ya kudhurika kwa kiasi hicho.

Kilichogunduliwa magerezani na katika nyumba za yatima

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa ukazuka katika majimbo ya kusini ya Marekani. Wakulima wa pamba, weusi kwa weupe, waliishi kwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa, kwa kuwa pamba ililimwa hadi mlangoni na hapakubaki pahali pa bustani. Tena viwanda vipya vya kusaga vilikuwa vikikitoa kile kiini kinachoota cha punje, ili unga udumu dukani bila ya kuchacha. Makadirio ya baadaye yasema kwamba kati ya mwaka 1906 na 1940 watu wapatao milioni tatu waliugua huko, na wapatao 100,000 walikufa.

Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuchunguza. Alipozuru hospitali za wenda wazimu na nyumba za yatima, aliona jambo moja lililo wazi: wagonjwa walikuwa ni wale waliolelewa humo, na wauguzi waliowahudumia hawakuugua kamwe. Maradhi ya kuambukizana hayabagui kati ya bwana na mtumishi, chakula hubagua. Aliongeza maziwa, mayai, nyama na kunde katika chakula cha yatima, na ugonjwa ukatoweka. Mwaka 1915, katika shamba la gereza la Rankin, jimbo la Mississippi, wafungwa 11 walikubali kula chakula cha nafaka zilizokobolewa na vitu vya wanga kwa ahadi ya kusamehewa kifungo. Sita kati yao wakashikwa na pelagra. Wapinzani wake waliposhikilia bado kwamba ni ugonjwa wa kuambukizana, yeye na wenzake walijitia miilini damu na uchafu wa wagonjwa, wasiugue. Goldberger alikufa mwaka 1929 akiwa hajakijua kwa jina kile kilichokosekana.

Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alionyesha kwamba niasini huponya mbwa waliokuwa na ugonjwa ulio sawa na huo, na baada ya muda mfupi wanadamu nao wakaponywa. Mwaka 1945 yeye na wenzake walionyesha jambo la pili: mwili waweza kujitengenezea niasini kutokana na triptofani, ambayo ni sehemu mojawapo ya protini. Miligramu 60 za triptofani hutoa yapata miligramu moja ya niasini. Protini ya mahindi ina upungufu wa triptofani; ya maharage, karanga, samaki na maziwa inayo ya kutosha. Mwaka 1951 José Laguna na Kenneth Carpenter waliwalisha panya mahindi mabichi na mahindi yaliyopikwa kwa chokaa, na wale wa chokaa wakakua vizuri zaidi. Hivyo elimu ya maabara ilifika mlangoni kwa mama wa Meksiko baada ya safari ya miaka 450.

Mtama ulioomba majivu

Sasa turudi kwetu. Yaweza kudhaniwa kwamba mababu zetu wa nchi za Maziwa Makuu waliyapokea mahindi bila ya kujua lolote kuhusu majivu. Sivyo. Katika nyanda za juu za Kigezi, Rwanda na Burundi hulimwa mtama mwekundu wenye uchungu. Uchungu huo watokana na tanini, vitu vinavyomfukuza ndege shambani, lakini ambavyo tumboni huzishika protini na kuzizuia zisitumike. Wenyeji wa huko hulowesha mtama huo kwa maji ya majivu ya kuni, kisha huuotesha, huukausha na kuusaga kwa ajili ya pombe na uji. Majivu huzivunja nguvu zile tanini. Huu ni ufundi wa aina moja na ule wa Meksiko, nao ulizuka hapa kwa mahitaji ya hapa.

Basi kwa nini majivu yaliyotiwa mtama hayakutiwa mahindi? Sisi twaona kwamba sababu ni ladha. Mtama mwekundu ulijitangaza kwa uchungu wake: aliyeula bila ya kuutengeneza alijua papo hapo kwamba kuna kasoro. Mahindi ni matamu, meupe na mepesi kutwangwa. Hayakumkera mlaji kwa lolote, kwa hiyo hayakuomba dawa yoyote. Kinu na mchi viliondoa ganda, na kazi ikaisha. Kama vile kinu cha maji kilivyomkinga Mtaliano asiione haja ya chokaa, utamu wa mahindi ulimkinga mpishi wetu asiione haja ya majivu. Kosa lisiloumiza ulimi huchukua muda mrefu kujulikana.

Hata hivyo pelagra haikuwa ugonjwa wa kila kijiji kwetu, na sababu yake yafaa ikumbukwe. Maharage haya ya kawaida na karanga nazo zilitoka Amerika kama mahindi. Huko Meksiko mkulima alipanda mahindi na maharage katika shamba moja, na maharage yakapanda juu ya mabua. Hapa kwetu punje hizi mbili zilikutana tena chunguni. Watu wa pwani huita chakula hicho pure. Tanzania bara huitwa kande au makande. Wakikuyu husema githeri, na Wajaluo nyoyo. Upungufu wa triptofani katika mahindi hutimizwa na maharage yaliyo ubavuni mwake. Chokaa haikufika, lakini mwenzi wa mahindi alifika, na huyo ndiye aliyewaokoa wengi.

Posho

Hatari ilikuja pale mwenzi huyo alipoondolewa. Neno posho katika Kiswahili lina maana ya chakula au fedha ya chakula apewayo mtu kwa siku au kwa safari. Wapagazi walipewa posho, kisha askari, kisha vibarua wa mashamba na wa reli, kisha wafungwa na wanafunzi wa mabweni. Kwa kuwa unga wa mahindi ulikuwa rahisi kununua, kupima na kuchukua, posho ikawa ndiyo unga wa mahindi; na nchini Uganda neno hilo limekuwa jina la ugali wenyewe. Katika neno hili moja imehifadhiwa historia ya watu waliokoma kuchagua kitakachoingia chunguni mwao na wakaanza kupimiwa.

Mahali pa kupimiwa ndipo pelagra ilipoonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 Hugh Stannus, daktari wa serikali ya kikoloni huko Nyasaland, nchi iitwayo Malawi leo, aliueleza ugonjwa huu miongoni mwa wafungwa wa gereza la Zomba. Na tusidhani kwamba mambo hayo yaliisha na ukoloni. Mwaka 1990, katika nchi hiyo hiyo ya Malawi, wakimbizi kutoka Msumbiji waliokimbia vita walishikwa na pelagra kwa wingi. Waliohesabiwa walizidi 17,000. Mgao wao ulikuwa wa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiandamana nayo zilikuwa zimekosekana. Wanawake waliugua zaidi kuliko wanaume kwa mbali. Waliosalimika zaidi walikuwa ni wale waliopata karanga, wale waliokuwa na bustani zao, na wale waliosaga mahindi nyumbani badala ya kupokea unga uliokobolewa. Elimu ya kuuzuia ugonjwa huo ilikuwa imekamilika tangu zaidi ya nusu karne. Iliyokosekana ni konzi ya karanga.

Moto, maji na magadi

Mahindi yametufundisha mengi, lakini si peke yake. Maharage mekundu yana kitu kiitwacho lektini ambacho humtapisha na kumharisha mlaji asipoyapika vema. Kuchemka kwa nguvu kwa dakika kumi huiharibu sumu hiyo. Moto hafifu usiofikia kuchemsha hauiondoi, hata yakae jikoni siku nzima. Kuyaloweka usiku na kumwaga maji yake, kisha kuyachemsha barabara, ni ufundi wa bibi zetu uliothibitishwa na wataalamu. Lakini siku hizi mkaa ni ghali, na wapishi wengi hutia magadi ili maharage yaive upesi. Magadi yana tabia ya majivu: hulainisha ganda. Walakini hiyo hiyo nguvu yake huiharibu vitamini B1 iliyo katika maharage. Hivyo dawa iliyo njema kwa mahindi si njema kwa maharage, na atakayesema kwa jumla kwamba magadi ni mazuri au ni mabaya atakuwa hajauliza ni punje gani iliyomo chunguni.

Ulezi nao una fitati, kitu kinachoyashika madini ya chuma yasiingie mwilini. Kuuotesha ukawa kimea, au kuuchachua uji kabla ya kuunywa, huamsha vimeng'enya vinavyoivunja fitati hiyo. Togwa la Tanzania na bushera ya magharibi mwa Uganda ni vinywaji vya namna hii.

Na tutaje kahawa, kwa kuwa nayo ni mbegu na ni zao letu. Waganda na Wahaya tangu zamani huzichuma buni mbichi, huzichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, huzikausha, kisha huzitafuna na kumkaribisha nazo mgeni. Walimwengu wengine huzikaanga hata zikawa nyeusi. Katika buni mna kitu kiitwacho trigonelini. Maji yachemkayo hayana joto la kukigeuza; moto mkavu wa kikaangio, unaopita nyuzi 180, hukigeuza sehemu yake kuwa niasini, ile ile waliyoikosa wagonjwa wa pelagra. Mbegu moja, mapishi mawili, na katika kikombe mna vitamini ambayo ni haba katika buni ya kutafuna.

Kazi iliyo mbele yetu

Serikali kadhaa zimechukua hatua. Kenya, kwa mfano, tangu mwaka 2012 imeviamuru viwanda kuutia unga wa mahindi vitamini na madini, niasini ikiwemo. Hilo ni jambo jema. Lakini watu wengi wa nchi zetu hula unga uliosagwa kwenye mashine ndogo ya kijijini, ambao haukutiwa kitu. Wao ulinzi wao ni ule ule wa zamani: kuchagua dona badala ya sembe pale inapowezekana, kutotenganisha ugali na maharage, karanga au dagaa, na kukumbuka namna ya kuloweka, kuotesha na kuchachua. Ulinzi huo huhifadhiwa katika lugha. Mtoto asiyelijua neno kimea hatauliza kimea hutengenezwaje.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wetu, hasa wale wafundishao karibu na vijiji, wawape wanafunzi wao kazi moja katika muhula ujao. Kila mwanafunzi amwulize bibi au mama mkubwa juu ya punje moja tu: mahindi, mtama, ulezi, maharage, njugu mawe au nyingineyo. Aandike jina lake katika lugha ya nyumbani na katika Kiswahili. Aandike kama hulowekwa, na kwa muda gani. Hutiwa nini, majivu, magadi au maji matupu. Huotwesha, hukaangwa au huchachuliwa. Na huliwa pamoja na nini. Mwisho aandike sababu anayoitoa mzee mwenyewe, hata kama ni ya ladha tu, au ni kwamba ndivyo tulivyoikuta. Sababu za namna hiyo ndizo alizokuwa nazo mama wa Meksiko kwa miaka 3,000, nazo ziliwalinda watu wake.

Majibu yatakayotufikia tutayachapa katika matoleo yajayo, kila neno pamoja na upishi wake.